Mnyama Hutajwa Mwisho

Lambo la kijijini kwetu, mashariki ya Handeni, likifika mwezi wa tisa huwa limebaki dimbwi. Maji yanarudi nyuma siku hadi siku, na kila yanaporudi yanaacha mkanda wa tope. Mkanda wa nje umeshapasuka vipande vipande kama vigae. Unaofuata umekauka juu, chini bado una unyevu. Ukiukanyaga unahisi umekanyaga ngozi mbichi iliyoanza kushika jua. Halafu linakuja tope lenyewe, linalong'aa, lile ambalo mtoto akiingia hutoka na ndala moja. Halafu maji, rangi ya chai ya maziwa, na punda wawili wamesimama ndani yake kana kwamba ni yao.

Ule mkanda wa pili mjomba wangu aliuita daftari. Alikwenda kuusoma kila asubuhi kabla ya chai, jua likiwa chini, kwa sababu jua la saa moja linalala na kivuli kinakaa ndani ya kila unyayo. Jua la saa sita linafuta yote. Unaweza kupita juu ya alama za nyati usizione. Alikaa upande ambao alama iko kati yake na jua, akachuchumaa, akatoa kijiti chake cha mkwaju. Kijiti kilikuwa kimechanjwa alama tatu kwa kisu, na hakuna aliyejua alama zile zilipimwa kwa nini. Ukimuuliza, alisema ni urefu wa uongo wa watu watatu tofauti.

Wenzetu wa nchi za baridi kazi hii wanafanyiwa na theluji. Ziwa likishaganda na theluji ikaanguka juu yake usiku, asubuhi kila kilichopita kimebaki pale, mpaka panya. Handeni hatuna theluji, tuna kiangazi, nacho kinaandika vizuri vilevile. Ila theluji na tope vina tabia moja mbaya, na ndiyo iliyowaponza watu ninaotaka kusimulia habari zao. Vinakuza. Mguu ukishatoka, alama haitulii. Jua linakula kingo za theluji, na unyayo wa mbweha wa asubuhi ukifika alasiri umekuwa wa dude. Tope laini linatanuka, vidole vinaachana, kucha zinaburuzwa. Mnyama ni yuleyule. Kilichokua ni habari yake.

Kulikuwa na bwana mmoja mwenye mbuzi thelathini na kitu. Jina lake tuliache, watoto wake wapo na wengine ni marafiki zangu. Asubuhi moja alikuta mbuzi watatu wamelala nje ya zizi, mmoja bado anahema. Zizi lilikuwa la miiba, na upande mmoja miiba ilikuwa imesukumwa. Alama zilitoka hapo zikashuka lamboni, hatua kama mia mbili, zikakatiza daftari la mjomba na kuingia kwenye tope linalong'aa, pale hasa ambapo mnyama yeyote angekwenda kunywa baada ya kazi kama ile.

Nilipofika watu walikuwa wameshazunguka. Ukitaka kuharibu alama, ita watu. Kijana mkubwa wa yule bwana, aliyekuwa amerudi likizo kutoka Dar es Salaam, alikuwa amepiga picha kwa simu: alama moja tu, ile kubwa kuliko zote, kutoka kwenye tope la maji. Pembeni hakuweka kitu, si kiberiti wala kalamu, kwa hiyo katika picha ile unyayo ulijaza kioo kizima.

"Fisi," akasema, na akaituma.

Kabla chai haijachemka picha ilikuwa imefika Mkata na Segera, na huko njiani fisi alikuwa ameshapata wenzake wawili.

Nisimwonee kijana. Fisi alikuwa na sababu za kupendwa. Serikali ina kanuni zake za mwaka 2011 za kifuta jasho na kifuta machozi: kifuta jasho ni cha aliyeharibiwa mazao au kuuliwa mifugo na wanyama wakali wa porini, kifuta machozi ni cha aliyejeruhiwa au kufiwa. Ili ufutwe jasho, mnyama lazima awe wa porini. Mbwa wa jirani hayumo. Mbwa wa shemeji ndiyo kabisa, maana hapo hata kudai utaanzia wapi? Na nyumba iliyokuwa karibu zaidi na lile lambo, upande wa pili, ilikuwa ya shemeji yake mwenye mbuzi, mdogo wake mama watoto. Huyo alifuga mbwa wawili wakubwa, wekundu, ambao kila mtu aliwasifu kwa ukali.

Sikumbuki mtu yeyote akiwataja mbwa hao asubuhi ile. Walikuwa wamelala chini ya mwembe, wameshiba.

Mjomba alipofika walimpisha. Kwetu Uziguani mjomba ana sauti. Zamani mtoto alihesabiwa kwa upande wa mama, na hata leo harusi haiendi bila neno lake. Huyu wangu alikuwa ameshakuwa mjomba wa kijiji kizima.

"Shikamoo mjomba. Njoo umwone fisi wetu."

"Marahaba. Mbuzi wako wapi?"

Hakwenda kwenye alama. Alikwenda kwa mbuzi, akamgeuza mmoja, akamgeuza wa pili. Walikuwa wamechanwa mapaja ya nyuma, mikia na masikio. Nyama ilikuwa karibu yote ipo.

"Wameliwa nini?"

"Hawajaliwa, mjomba. Fisi alishtuka."

"Alishtuka mara tatu?"

Hapo akashuka lamboni. Kwenye tope la maji hakuangalia sana. Alitafuta mahali ambapo alama zilikatiza mkanda wa pili, na kwa bahati nyayo mbili zilikuwa bado hazijakanyagwa na watazamaji. Akachuchumaa, akaanza kuhesabu kwa sauti kama mtoto wa chekechea. Vidole vinne. Kucha zipo. Basi jamii ya paka imetoka hapo, maana simba na chui hutembea wamezikunja kucha zao, na duma, anayeziacha nje, ana kitanga cha aina nyingine.

Akalaza kijiti juu ya unyayo kwa mshazari, kutoka kidole cha pembeni kupita nyuma ya vidole vya kati. Akakivuka kwa jani la ukindu kutoka upande wa pili, vikawa kama alama ya kuzidisha. Jani na kijiti vilipita katikati ya vidole na kitanga bila kugusa kitanga. Palikuwa na nafasi. Vidole viwili vya kati vilikuwa vimetangulia wenzao, na kucha zake zimechongoka.

Fisi hayuko hivyo. Vidole vyake vimebanana, vile vya pembeni vimepinda kama korosho. Kucha zake ni butu. Kitanga ni kikubwa, kimekaa kiupande, na miguu ya mbele inaacha alama kubwa kuliko ya nyuma, sawasawa na umbo lake unavyoliona kwa mbali, mzito mbele, nyuma kaishiwa. Nilikuwa na miaka kumi na sita na haya niliyasikia mara ya kwanza siku ile, na tangu siku ile sijaweza kula korosho bila kuukumbuka mguu wa fisi.

Mjomba akapima. Kwenye daftari, unyayo uliishia chini kidogo ya alama ya pili ya kijiti. Akaenda hatua nne mbele, kwenye tope linalong'aa, akapima ule uleule uliopigwa picha. Ulikaribia alama ya tatu.

"Mguu ni mmoja," akasema. "Hapa ulikuwa na akili zake. Pale ulilewa."

Watu wakacheka. Mtu mmoja kwa nyuma akasema, "Kwa hiyo ni mbwa?"

"Sijasema mbwa. Nimesema vidole vinne."

Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni yake, na ilikuwa inakera. Mnyama hutajwa mwisho. Kwanza unasema unachokiona: vingapi, virefu kiasi gani, vimetoka wapi, vimekwenda wapi, vimepita lini. Jina likishatoka mdomoni, alisema, jicho linaacha kufanya kazi, linaanza kutafuta ushahidi. Na hata hapo, akiwa ameshika alama ambayo kila mstari wake ulikuwa wa mbwa, alikuwa na sababu ya kunyamaza: mbwa mwitu. Kwa unyayo mmoja, mbwa mwitu na mbwa mkubwa wa nyumbani huwezi kuwatenganisha. Na usiseme hafiki huku. Mwaka 1962 Mwingereza mmoja msafiri, Wilfred Thesiger, alikutana na mbwa mwitu watano juu ya Kilimanjaro, karibu na kilele, kwenye theluji, mahali ambapo hakuna cha kula isipokuwa wapanda mlima. Mnyama anayeweza kwenda kule hashindwi kufika Handeni.

Mbwa wa nyumbani na mbwa mwitu wanatenganishwa na safari. Wa porini anakwenda moja kwa moja, ana kazi. Wa nyumbani anazurura, ananusa kisiki, anarudi, anachimba, anasahau alikuwa anafanya nini, kisha anakwenda kwao. Kwa hiyo mjomba aliomba kitu kimoja: apewe mchana ule azifuate alama upande wa pili wa lambo.

"Nipeni siku moja."

Ukiitazama sasa, ilikuwa ni kidogo sana.

Msidhani haya ni mambo ya kijijini tu. Laetoli, kule Ngorongoro, kusini ya Olduvai, volkano ilimwaga majivu miaka milioni 3.66 iliyopita. Mvua ikayalowanisha, wanyama wakapita, kisha yakakaza kama saruji. Ni daftari la mjomba, kubwa tu. Kikundi cha Mary Leakey kilianza kuziona alama hizo mwaka 1976, na mwaka 1978 zikapatikana zile mashuhuri za viumbe waliotembea wima kama sisi. Lakini tayari mwaka ule wa 1976 ilikuwa imeonekana safu nyingine fupi, nyayo tano, umbo lake la ajabu, mguu mmoja ukivuka mbele ya mwenzake kama anayetembea juu ya kamba. Likatoka wazo kwamba labda ni dubu aliyesimama kwa miguu ya nyuma. Dubu! Katika mifupa yote iliyochimbwa Laetoli wa dubu haukupatikana hata mmoja, lakini jina lilikuwa limeshatamkwa, na zile nyingine zilikuwa nzuri zaidi kuzitazama. Udongo ukazifunika. Zilifukuliwa tena mwaka 2019, zikasafishwa, zikapimwa, zikalinganishwa na nyayo za dubu wadogo walio hai huko Marekani, na Desemba 2021 jarida la Nature likachapisha majibu: aliyepita pale ni wa jamii ya binadamu, tena si wa aina moja na wale mashuhuri. Miaka mingi alikuwa anadhaniwa ni dubu. Na waliomwita hivyo walikuwa wasomi, wana kanda za kupimia, na hawakuwa na mbuzi aliyekufa wala haraka ya kifuta jasho.

Theluji nayo ina kesi yake. Mwaka 1951 Eric Shipton, akiwa na daktari Michael Ward, alipiga picha ya unyayo mmoja kwenye barafu ya Menlung, milima ya Himalaya. Picha ikazunguka dunia nzima, na dunia ikasema: zimwi la theluji, yeti. Wengi waliokuja kuitazama baadaye kwa utulivu waliona inaweza kabisa kuwa alama ya mnyama wa kawaida, au alama mbili zilizopandana, jua likala kingo zake. Shipton angalau alilaza shoka la barafu pembeni ili watu wapate kipimo. Kijana wetu hata kiberiti hakuweka.

Siku ile nilikwenda na mjomba. Alama zilizunguka lambo, zikaingia kwenye nyasi, zikatoka, zikasimama kwenye mfupa wa zamani wa ng'ombe, zikatafuna kidogo, zikarudi nyuma. Zilikuwa za wanyama wawili, jambo ambalo hakuna aliyeliona asubuhi. Kwenye kisiki cha mgunga mmoja wao alikuwa amekojoa. Mjomba hakusema neno. Alinionyesha mstari mwembamba wa sisimizi uliokatiza unyayo: sisimizi walipita baada ya mguu, kwa hiyo mguu ulipita kabla jua halijapanda, sisimizi wakiwa bado shimoni. Mwisho alama zikaingia kwenye njia ya miguu, na njia ikaingia kwenye uwanja wa shemeji, na hapo kuku walikuwa wameshaparura kila kitu.

Tulikaa chini ya mgunga. Nikamwuliza kwa nini asiseme tu, maana kila kitu kilikuwa wazi. Ndipo akaniambia habari ya Korogwe.

Ujana wake alikata mkonge Korogwe, kwenye shamba moja kati ya yale yanayofuata reli ya Tanga. Jioni walikuwa wakishuka Ruvu kuoga; ndio huo mto Pangani, watu wa kwetu tunauita Ruvu. Walikuwa na kijipwani chao chini ya mikuyu. Siku moja walikuta mchangani alama ya mkia ulioburuzwa, na pembeni yake nyayo zenye kucha. Wenzake wakasita. Yeye alikuwa mtoto wa wawindaji, ana sifa zake, akainama akahesabu: vidole vitano. "Kenge," akasema. Kila mtu anamjua kenge, anakula mayai, akikuona anakimbia.

Kenge ana vidole vitano mbele na vitano nyuma. Mamba ana vitano mbele na vinne nyuma, na vya nyuma vina utando katikati kama wa bata.

"Mimi nilihesabu mguu wa mbele tu," mjomba akasema. "Wa nyuma ulikuwa umelambwa na maji, na pale mbele ulikuwapo mwingine mzima, hatua mbili tu, nikaona uvivu. Nilikuwa nimeshasema kenge."

Mamba hakuwa mkubwa, pima moja hivi, na ndiyo sababu alama zake zilifanana na za kenge mkubwa. Mmoja wa wenzake mjomba aliinama kufua ovaroli. Mjomba akanionyesha kwenye mkono wake mwenyewe, wa kushoto, mahali ulipokatikia wa mwenzake, chini kidogo ya kiwiko. Yule mtu aliishi. Mjomba alikuwa akimpelekea mahindi kila mavuno, nami miaka yote nilidhani ni ndugu yetu wa Korogwe.

Magharibi tulirudi kwa mwenye mbuzi. Mjomba alimweka pembeni na kumweleza kwa adabu: zimepita hapa, zimesimama pale, ni wawili, zimeishia uwanjani kwa fulani. Mpaka hapo bado hakusema mbwa.

Yule bwana alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mjomba, unataka nigombane na ndugu wa mke wangu kwa sababu ya kijiti?"

Kumbe alikuwa ameshamaliza. Wakati sisi tunafuata sisimizi, yeye na kijana walikuwa wamepata dawa ya shambani, ile ambayo kopo lake lina fuvu la kichwa, wakaitia kwenye mbuzi mmoja na kumburuza mpaka ukingoni mwa lambo. Kuua wanyamapori kwa sumu ni kosa mbele ya sheria, na hilo walilijua. Lakini walikuwa wanamuua fisi, na fisi nani anamlilia?

Mbwa wa shemeji walikula usiku. Asubuhi mmoja alikuwa njiani, amekakamaa, mwingine alikuwa ameingia majini mpaka kifuani, mdomo umezama. Sumu ile inachoma na mnyama anatafuta maji. Kanu mmoja alikuwa chini ya mgunga. Tumbusi walishuka saa tatu, na saa nne walikuwa wanatembea kama walevi, mabawa yamelegea, wanaanguka kifudifudi. Nilihesabu saba. Tumbusi ndio wanaotusafishia mizoga, nao wanazaa yai moja kwa msimu; saba wakifa, hujui wajukuu wako watawaona lini angani pale tena.

Na lambo ndilo lilikuwa maji yetu. Mwenyekiti akayapiga marufuku asubuhi ileile, na hakukosea. Bomba kubwa la Handeni, lile la HTM linalovuta maji ya Ruvu kutoka Korogwe, lilikuwa halijafika kwetu, kwa hiyo kina mama walianza kutoka saa kumi alfajiri kwenda kuchimba mchangani kwenye korongo, saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, na wenye uwezo wakanunua kwa dumu kutoka kwa vijana wa pikipiki. Mama watoto wa mwenye mbuzi naye alikwenda korongoni. Alikuwa anapita mbele ya nyumba ya mdogo wake akiwa na ndoo, na mdogo wake alikuwa amekaa barazani anatazama mahali walipokuwa wakilala mbwa. Hawakusalimiana mpaka mvua za vuli.

Ajabu ni kwamba baada ya pale mbuzi hawakuuawa. Usiku wa kwanza, wa pili, wiki nzima. Mwenye mbuzi akaanza kutembea kifua mbele. "Si nilisema? Sumu imemmaliza fisi, amekwenda kufia porini." Nani angembishia? Mbuzi walikuwa salama.

Mjomba alikuwa na jibu, lakini hakulitoa kwa maneno. Siku ile mbwa walipokufa, kabla hawajazikwa, alikuwa amemwomba shemeji ruhusa. Akambeba mbwa mmoja mpaka kwenye daftari, kando ya ule unyayo aliokuwa ameufunika kwa karai ili usikanyagwe, akaushika mguu wa mbele wa mbwa na kuukandamiza taratibu kwenye udongo, akautoa. Akaweka kijiti. Hapa chini kidogo ya alama ya pili, na hapa chini kidogo ya alama ya pili. Shemeji alisimama pale akitazama, kisha akambeba mbwa wake akaondoka. Tuliona sisi watatu. Mjomba hakumhadithia mtu mwingine, nami nilikatazwa.

Wiki ya pili ya mwezi wa kumi, mbuzi akapotea. Safari hii hakukuwa na mzoga. Nyasi zilikuwa zimelala kwa kuburuzwa, na mbali kidogo palikuwa na rundo la majani ya kijani yaliyocheuliwa, yaani kilichokuwa tumboni mwa mbuzi, na kipande cha pembe. Mifupa haikuwapo. Usiku ule mbwa hawakubweka, maana upande ule wa lambo hapakuwa na mbwa tena.

Hakuna aliyekuja kutazama. Kijana alikuwa amesharudi Dar es Salaam na simu yake, na watu walikuwa wamechoka na habari za fisi. Mwenye mbuzi alikuja mwenyewe kwa mjomba, kabla ya jua kutoka, amevaa koti. Hakusema amekuja kwa ajili gani.

Tulishuka watatu. Lambo lilikuwa limerudi nyuma zaidi, na daftari lilikuwa limehamia ndani, safi, halijaguswa. Alama zilikuwapo, za mnyama mmoja, zimekatiza mkanda wote kwa mstari ulionyooka. Mimi niliziona nikiwa nimesimama. Zile za mbele kubwa, za nyuma ndogo. Korosho.

Nikafungua mdomo, mjomba akanikanyaga mguu.

Mwenye mbuzi alizunguka, akatafuta upande ambao alama iko kati yake na jua lililokuwa linachomoza, akachuchumaa huku magoti yakilia. Alikaa hivyo kitambo kirefu. Tulisikia anahesabu kwa sauti ya chini: moja, mbili, tatu, nne. Akasogea kwenye mguu wa nyuma, akahesabu tena. Kisha, bila kugeuka, akanyoosha mkono nyuma yake.

Mjomba akampa kijiti.